Grace Hopper: Mwanahisabati aliyeitaka kompyuta ielewe maneno ya karani

KATIKA miaka ya mwanzo ya kompyuta, aliyetaka kuiamuru mashine hiyo sharti awe mwanahisabati. Amri ziliandikwa kwa tarakimu na alama ambazo karani, mhasibu au msimamizi wa bohari hangeweza kuzifumbua hata angekesha akizitazama.

Aliyesimama kidete kuubomoa ukuta huo ni Grace Murray Hopper, mwanahisabati na afisa wa Jeshi la Wanamaji la Marekani aliyeaga dunia Januari 1, 1992, akiwa na umri wa miaka 85.

Dai lake lilikuwa jepesi kulitamka lakini zito kukubalika. Alishikilia kwamba binadamu asilazimishwe kujifunza lugha ya mashine ilhali mashine yenyewe inaweza kufunzwa kuyafasiri maneno ya binadamu.

Mjadala aliouchochea ungali hai. Wapo wanaoamini kwamba mtumiaji wa kawaida anapaswa kuiandikia kompyuta amri zake kwa maneno, na wapo wanaoona ni heri apange picha na vipande vya rangi kwenye skrini. Anayetaka kuujua mzizi wa ubishi huo hana budi kuyarejelea maisha ya mama huyu.

Saa saba za kengele

Hopper alizaliwa Desemba 9, 1906, jijini New York, akiwa kifungua mimba katika familia ya watoto watatu. Babake, Walter Fletcher Murray, alikuwa ajenti wa bima, naye mamake, Mary Campbell Van Horne, alipenda hisabati tangu utotoni ingawa enzi hizo somo hilo lilihesabiwa kuwa la wanaume.

Akiwa na umri wa miaka saba hivi, alitaka kujua jinsi saa ya kengele inavyofanya kazi. Aliifungua moja, vipande vikamshinda kurudisha, akaichukua nyingine ili aone ya kwanza ilivyopangwa. Mamake alipogundua, saa saba za nyumba zilikuwa zimefumuliwa. Hakumwadhibu bali alimruhusu abaki na saa moja ya kuchezea.

Babake, ambaye alikatwa miguu kutokana na maradhi, alisisitiza kwamba binti zake wapate elimu sawa na ya mvulana wake ili siku moja waweze kujitegemea.

Njia haikuwa nyoofu. Binti huyo alianguka mtihani wa Kilatini alipotaka kujiunga na Chuo cha Vassar, ikambidi asubiri mwaka mzima. Alihitimu chuoni humo mwaka 1928 katika hisabati na fizikia, akapata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1930 na ya uzamifu mwaka 1934.

Mwaka huo wa 1930 aliolewa na Vincent Foster Hopper. Ndoa hiyo haikujaaliwa watoto na ilivunjika mwaka 1945, lakini jina la Hopper alidumu nalo hadi kaburini.

Vita vyabadilisha mkondo

Kufikia mwaka 1941, Hopper alikuwa mhadhiri wa hisabati Vassar, kazi aliyoianza miaka kumi awali. Desemba mwaka huo Japan ilishambulia kambi ya Pearl Harbor, na Marekani ikatumbukia katika Vita vya Pili vya Dunia.

Hopper alitaka kujiunga na Jeshi la Wanamaji, alikohudumu babu wa mamake kama admirali. Wakuu walimkatalia. Walidai umri wake ulikuwa umepita kiasi na kwamba mwili wake ulikuwa mwembamba mno. Isitoshe, walimu wa hisabati walihitajika madarasani.

Hakukata tamaa. Alitafuta kibali maalumu, na Desemba 1943 akaapishwa katika kikosi cha akiba cha wanawake. Aliongoza darasa lake la mafunzo mwaka 1944, akavalishwa cheo cha luteni na kutumwa Chuo Kikuu cha Harvard.

Alitarajia kazi ya kufumbua mafumbo ya adui. Badala yake alikuta mashine yenye urefu wa takriban mita 15, kimo cha zaidi ya mita mbili na uzani wa tani karibu tano. Iliitwa Mark I, na mkuu wake alikuwa Howard Aiken, mtu mkali asiyevumilia uzembe.

Mashine hiyo iliyoundwa na kampuni ya IBM iliweza kujumlisha mara tatu kwa sekunde. Simu ya kawaida ya leo inaishinda mbali, lakini wakati huo ilikuwa muujiza. Ilitumiwa kukokotoa majedwali ya mizinga na hesabu nyingine za vita.

Amri zake zilitobolewa kwenye utepe wa karatasi. Tundu moja likikosewa, hesabu nzima iliharibika. Hopper, pamoja na maafisa vijana Robert Campbell na Richard Bloch, walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza duniani kufanya kazi ambayo sasa huitwa utayarishaji wa programu.

Aiken pia alimkabidhi jukumu la kuandika kitabu cha maelezo ya mashine hiyo. Kilichapishwa mwaka 1946 kikiwa na zaidi ya kurasa 500. Kazi hiyo ya kueleza kwa lugha nyepesi jambo lililokuwa gumu ilimwandaa kwa yale yaliyofuata.

Nondo katika daftari

Jina la Hopper huhusishwa sana na kisa cha mdudu. Septemba 1947, mafundi wa mashine iliyofuata, Mark II, walimkuta nondo amebanwa ndani ya swichi mojawapo. Walimtoa, wakambandika kwenye daftari la kazi na kuandika kwamba mdudu halisi alikuwa amepatikana.

Wengi hudhani kwamba Hopper ndiye aliyemkamata nondo huyo na kwamba hapo ndipo hitilafu za mashine zilipoanza kuitwa wadudu kwa Kiingereza. Ukweli ni kwamba wahandisi walilitumia neno hilo miongo mingi kabla ya hapo. Yeye alikuwa msimulizi hodari, na kwa kukirudia kisa hicho kwenye mihadhara yake alikieneza kote. Daftari lenyewe limehifadhiwa katika taasisi ya Smithsonian.

Miaka ya baada ya vita ilikuwa ya majonzi. Ndoa ilikuwa imekwisha, na Harvard haikuwa na nafasi ya kudumu kwake. Waandishi wa maisha yake wanasimulia jinsi alivyoelemewa na pombe, na jinsi marafiki walivyomhimiza ajinusuru. Mwaka 1949 aliondoka Harvard na kujiunga na kampuni changa ya J. Presper Eckert na John Mauchly mjini Philadelphia, iliyokuwa ikiunda kompyuta ya UNIVAC.

Kuifunza mashine

Huko Philadelphia aligundua tatizo lililowasumbua wote. Vijana wake walikuwa na madaftari yaliyojaa vipande vya programu vilivyokwisha kujaribiwa. Kila walipohitaji kukokotoa jambo lile lile, walinakili kipande kwa mkono na kubadilisha nambari za mahali pa kuhifadhia data. Humo ndimo makosa yalimozaliwa, kwa maana hata mwanahisabati hodari hukosea kunakili.

Hopper alijiuliza kwa nini kazi hiyo ya kuchosha isifanywe na mashine yenyewe. Alikipa kila kipande nambari yake ya wito na kuvihifadhi vyote kwenye utepe. Mtayarishaji aliandika tu orodha ya nambari hizo, nayo kompyuta ikavitafuta vipande, ikavipanga na kuviunganisha.

Chombo hicho, alichokiita kompaila, kilikuwa tayari mwaka 1952. Wataalamu wa sasa husema kilikaribiana zaidi na programu za kuunganisha vipande kuliko kompaila za siku hizi. Hata hivyo, wazo la kuifanya kompyuta iandike programu yake yenyewe lilikuwa geni.

Wenzake hawakuliamini. Walishikilia kwamba kompyuta hujua hesabu tu, na kuandika programu si hesabu. Kwa muda mrefu kompaila yake ilikuwepo ikifanya kazi, lakini hapakuwa na aliyethubutu kuigusa.

Alama au maneno?

Hopper aliposikiliza wateja wa UNIVAC, alibaini kwamba watu hawafanani. Wahandisi na wanahisabati walistarehe na alama. Kwao, herufi chache na ishara ya kujumlisha zilitosha. Kampuni ya IBM iliwahudumia watu wa aina hiyo mwaka 1957 ilipotoa lugha ya FORTRAN, iliyoandaliwa na kikosi cha John Backus.

Lakini palikuwa na kundi kubwa zaidi lililosahaulika. Hawa ni wale wa kulipa mishahara, kuhesabu shehena na kuandika hati za malipo. Walipooneshwa alama walirudi nyuma. Kazi yao yote waliifanya kwa maneno, na Hopper akaamua kwamba programu zao pia ziandikwe kwa maneno.

Wakati huo mtayarishaji alianza kwa kuchora mchoro wa mtiririko, yaani visanduku na mishale inayoonyesha kazi inavyosonga kutoka hatua hadi hatua. Mchoro huo ulieleweka hata kwa meneja. Baada ya hapo ulitafsiriwa kwa tarakimu za mashine, na hapo meneja akapotea. Hopper alitaka hatua hiyo ya pili nayo isomeke.

Katikati ya miaka ya hamsini, kikosi chake kiliandaa mfano mdogo wa programu iliyoandikwa kwa maneno ya Kiingereza. Ili kuonyesha kwamba mbinu yenyewe haifungwi na lugha yoyote, waliyaondoa maneno hayo na kuweka ya Kifaransa, kisha ya Kijerumani. Kompyuta iliifanya kazi ile ile bila kutofautisha.

Hila hiyo nusura imponze. Wakuu wa kampuni walishtuka. Hawakuweza kuingiza akilini jinsi mashine ya Kimarekani, iliyoundwa Philadelphia, ingefahamu Kifaransa au Kijerumani. Ilimlazimu Hopper kuwaahidi kwamba atatumia Kiingereza pekee, na miezi ilipita kabla ya imani yao kurejea.

Kwa hakika mashine haikufahamu lugha hata moja. Kwake, kila neno lilikuwa alama tu iliyopewa kazi fulani, na neno la lugha yoyote lingepewa kazi hiyo hiyo. Kwamba lugha za kompyuta zilikuja kufungamana na Kiingereza haikuwa amri ya maumbile ya mashine bali uamuzi wa watu.

Matunda ya jitihada hizo yalikuwa FLOW-MATIC, lugha ya kwanza ya kushughulikia data za biashara iliyotumia maneno ya kawaida. Ilitolewa kwa umma mwaka 1958.

COBOL yazaliwa

Kila kampuni ya kompyuta ilikuwa na lugha yake, na programu ya mashine moja haikufaa kwa nyingine. Serikali na mashirika yalipoteza fedha nyingi kuandika upya kazi iliyokwisha kufanywa.

Mei 28 na 29, 1959, wawakilishi wa kampuni, serikali na watumiaji walikutana katika makao makuu ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, Pentagon, kutafuta lugha moja ya biashara. Mwito wa kwanza ulitolewa na Mary Hawes wa kampuni ya Burroughs, naye Hopper akawa mshauri wa kiufundi.

Lugha iliyozaliwa ni COBOL. Hopper huitwa mamake, ingawa hakuwa katika kamati ndogo iliyoiandika, ambamo Jean Sammet alikuwa miongoni mwa waliotoa mchango mkubwa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya msingi wake ilichotwa kutoka FLOW-MATIC, na falsafa yake ilikuwa ya Hopper.

Desemba 1960, programu moja ya COBOL iliendeshwa kwenye kompyuta mbili za kampuni hasimu, RCA na Remington Rand, ikafaulu kwa mabadiliko machache. Serikali ya Marekani ilipoipa uzito lugha hiyo katika ununuzi wa kompyuta, kampuni zote zilifuata.

Lawama na wachoraji

Si wote walioshangilia. Mwaka 1975, mwanasayansi wa Uholanzi Edsger Dijkstra aliishambulia COBOL akidai kwamba inalemaza akili ya anayeitumia, na kwamba kuifundisha kulipasa kuwa kosa la jinai. Wengine walilalamika kuhusu maneno mengi yanayohitajika kufanya jambo dogo.

Ilidhihirika pia kwamba ndoto ya meneja kujiandikia programu haikutimia ilivyotarajiwa. Meneja aliweza kusoma, lakini kuandika kulibaki kazi ya fundi. Nukta moja ikiwekwa pasipo mahali pake katika COBOL, maana ya amri hubadilika. Maneno yaliondoa woga wa alama, ila hayakuondoa ugumu wa kupanga fikra hatua kwa hatua.

Pengo hilo ndilo lililowavutia wachoraji. Mwaka 1963, Ivan Sutherland wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT) alionyesha jinsi mtu anavyoweza kuchora moja kwa moja kwenye skrini kwa kalamu ya mwanga. Mwishoni mwa miaka ya sitini, shirika la RAND lilikuwa na mfumo ulioruhusu mtu achore visanduku na mishale kwa mkono, nayo kompyuta ikautekeleza mchoro huo.

Mwaka 1979 ilikuja VisiCalc, jedwali la hesabu lililomwezesha mhasibu kupanga kazi yake katika safu na mistari bila kujiita mtayarishaji programu. Mwaka 1986 wahandisi walipata LabVIEW, ambamo programu huchorwa kwa nyaya zinazounganisha visanduku. Mwaka 1991 Microsoft ilitoa Visual Basic, iliyochanganya mbinu zote mbili: vitufe vilichorwa, kisha amri zao zikaandikwa.

Mwaka 2007 MIT ilizindua Scratch kwa ajili ya watoto. Humo amri ni vipande vya rangi vinavyopachikana kama fumbo la picha. Vipande visivyoafikiana havishikani, hivyo mtoto hawezi kukosea tahajia wala kusahau nukta.

Kila upande una hoja. Vipande humwondolea anayeanza makosa ya uandishi na kumwonyesha umbo la kazi yake. Lakini programu ikikua, nyaya na visanduku hufurika skrini hadi mwenyewe akapotea. Maandishi huchosha mwanzoni, lakini hutafutwa, hulinganishwa na kusahihishwa kwa urahisi, na maelfu ya mistari huweza kutunzwa na watu wengi.

Bahari haikumwacha

Hopper alistaafishwa jeshini mwishoni mwa mwaka 1966 akiwa kamanda. Miezi saba baadaye aliitwa arejee kwa nusu mwaka ili kuweka utaratibu katika programu za Jeshi la Wanamaji. Nusu mwaka hiyo iligeuka kuwa takriban miongo miwili.

Ofisini alitundika saa iliyozunguka kinyumenyume. Ilisoma wakati sawasawa kama nyingine yoyote, na kwayo aliwakejeli waliokataa mabadiliko kwa kisingizio kwamba mambo yamekuwa yakifanywa hivyo tangu jadi.

Kwenye mihadhara aligawa vipande vya waya vya urefu wa karibu sentimita 30, umbali ambao mwanga husafiri katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Majenerali waliouliza kwa nini ujumbe wa setilaiti huchelewa waliondoka wakiwa na jibu mkononi.

Chanda chema huvikwa pete. Mwaka 1969, chama kimoja cha wataalamu wa data kilimtuza kwa kumtaja kuwa mwanamume bora wa mwaka katika sayansi ya kompyuta, kwa kuwa tuzo yenyewe haikuwahi kumtarajia mwanamke. Mwaka 1983 alipandishwa hadi komodoro, cheo kilichobadilishwa jina mwaka 1985 na kumfanya admirali.

Alistaafu Agosti 14, 1986, akiwa na umri wa miaka 79, katika sherehe iliyoandaliwa ndani ya meli kongwe USS Constitution jijini Boston. Hakuna afisa mwingine aliyekuwa kazini wakati huo aliyemzidi umri. Hata baada ya hapo alihudumu kama mshauri katika kampuni ya Digital hadi mauti yalipomfika nyumbani kwake Arlington, Virginia. Alizikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya kitaifa ya Arlington.

Urithi wake

Meli ya kivita ya Marekani ilipewa jina lake, na mwaka 2016 Rais Barack Obama alimtunukia Nishani ya Uhuru baada ya kifo. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Yale kilikipa mojawapo ya vyuo vyake vya ndani jina la Grace Hopper.

Ushahidi mkubwa zaidi ulipatikana Aprili 2020. Janga la Covid-19 lilipowakosesha wengi ajira, Gavana wa New Jersey aliwaomba wajuzi wa COBOL wajitolee, kwa maana mifumo ya jimbo hilo ya kompyuta ilikuwa imeelemewa na maombi ya msaada. Lugha iliyotabiriwa kifo kwa miongo mingi ilikuwa ingali inashughulikia riziki ya watu.

Kati ya maneno na picha, hakuna aliyeibuka mshindi. Aliyeshindwa ni yule aliyeamini kwamba kompyuta ni milki ya wenye alama zao pekee.

Na lile onyesho lililowashtua wakuu wa Philadelphia halikupotea bure. Vipande vya Scratch sasa vinapatikana kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Mtoto anaweza kuiamuru kompyuta kwa maneno ya nyumbani kwao, nayo ikatii bila kuuliza ametoka wapi.